Stasyo ipi?

Wiki hii mmewauliza wasomaji: je, vituo vya basi vya Goma viwekewe vibao vya majina? Mke wangu alinisomea swali hilo kwa sauti, kisha akaniangalia bila kusema kitu. Basi naandika.

Jibu langu la kwanza lilikuwa hapana. Kibao cha nini? Mji huu unasomwa kwa mdomo. Aliyekulia hapa hatafuti maandishi ili ajue kwamba amefika Signers, Instigo, Mutinga, Alanine au Afia Bora. Unapanda, unabanana na wenzako, ukikaribia kwako unapaza sauti: "Shofere, shushia hapa!" Deux Lampes, yaani "taa mbili", nimepita tangu utoto na sijawahi kuinua kichwa kuzihesabu hizo taa. Baba yangu bado anaelekeza watu kwa duka lililofunikwa na lava ya volkano ya Nyiragongo, Januari 2002, na cha ajabu, watu wa rika lake wanafika. Duka halipo, jina lipo, mgeni anakunywa chai.

Nilikuwa karibu kumaliza hapo kwa salamu zangu. Mke wangu akasema, "Andika na ya mama mkubwa."

Haya. Ilikuwa Agosti 2019. Mtoto wetu wa kwanza alikuwa na siku tisa, na mama mkubwa, dada wa marehemu mama yangu, alikuwa anatoka Bukavu kuja kutusaidia. Alipaswa kufika alasiri kwa boti la haraka. Nikaenda bandarini, nikasimama hadi miguu ikaniuma. Boti lilichelewa kuondoka, halafu ziwa likachafuka, na simu yake ilikuwa inaita bila kupokelewa. Jua likazama. Nyumbani Ndosho mke wangu alikuwa peke yake na kichanga, na mshono wake haukuwa umepona. Nikarudi. Nusu saa baadaye simu ikalia: mama mkubwa amefika, ananawishwa mikono kwa maji ya klorini, maana ulikuwa wakati wa Ebola, na kijana mmoja amemwelekezea kile kibunduki cha kupima joto kwenye paji la uso bila hata kumsalimia. Hilo la kutosalimiwa ndilo lililomuudhi.

Sasa sikilizeni nilichomwambia. Nilimwambia hivi: "Panda basi la Mugunga, ushuke kwenye stasyo. Nitakuwa hapo." Simu yake ikazima.

Stasyo! Kwangu mimi stasyo ilikuwa moja tu duniani, ile pampu ya mafuta iliyo mbele ya kichochoro chetu. Barabara ya Sake, hiyo inayopitwa na basi la Mugunga, ina pampu ngapi? Nimepita pale miaka yote hiyo na jibu nilikuwa sina, kwa sababu sikuwahi kuwa mgeni.

Mama mkubwa yeye alizihesabu. Alinieleza baadaye, moja baada ya nyingine. Kila mara basi lilipopita kwenye taa za pampu alimuuliza konvwayeri, yaani kondakta, "Mwanangu, njo hapa?" Na kijana anajibu, "Koko mama, bado." Lile "koko" ndilo lililomtuliza. Wa Bukavu mnajua: mtoto anayeitikia "koko" amelelewa. Akasema moyoni, huyu ni wetu, hawezi kunitupa. Pampu ya pili, koko mama, bado. Ya tatu, bado. Walipofika Keshero, kabla ya kwetu Ndosho, abiria walikuwa wamebaki wanne, shofere hakuona faida ya kuendelea hadi Mugunga na gari tupu, akaanza kugeuza. Kijana akafungua mlango: "Koko mama, stasyo njo hii." Akamshushia mzigo kwa mikono miwili, kwa adabu zote. Hata alimuaga.

Mimi nilikuwa nimesimama kwenye stasyo yangu. Saa mbili ikapita. Basi moja likaja, halina mtu wa kushuka. Saa mbili na nusu, hakuna tena mabasi, ni moto tu, yaani pikipiki za abiria, na zile zinapita mbio. Anayejua Goma ya saa hizo anajua nilichokuwa nawaza, sina haja ya kukiandika. Nikasimamisha moto. Nauli ya mchana ilikuwa franka 500. Motari, mwenye kuiendesha, akaniangalia usoni akasema 2,000, na sikubishana.

Pampu ya kwanza, mlinzi hakuona mtu. Nikamweleza: mama wa makamo, kitenge, kitambaa kichwani. Nilikuwa nimemweleza nusu ya wanawake wa Kivu. Ni yule motari aliyeniuliza, "Alibeba nini?" Nikakumbuka: ndoo ya sambaza kavu, wale samaki wadogo wa ziwani, na mananasi mawili ya kisiwa cha Idjwi. Akawasha pikipiki. Tangu hapo alikuwa anauliza yeye, bila hata kuzima injini: "Hamukuona mama wa sambaza?"

Pampu ya tatu vijana watatu wakajibu pamoja: "Wa sambaza? Ako ku mama wa mahindi!" Wakacheka, kwa sababu harufu ilikuwa imewafikia kabla ya mama mwenyewe.

Alikuwa amekaa juu ya jiwe la lava lililowekewa gunia, ndoo katikati ya magoti, mkono mmoja juu ya kifuniko. Mbele yake kulikuwa na jiko la makaa na kitochi kimefungwa kwa kamba kwenye mwavuli. Mama wa mahindi alikuwa ameuza kila kitu na angeshaenda kulala, lakini alikataa kumwacha, na pochi ya mama mkubwa alikuwa ameificha ndani ya kitenge chake mwenyewe, chini ya chenji. Motari wawili walikuwa wamejaribu kumbeba mgeni, akawafukuza wote.

Nilianza kuomba msamaha. Mama mkubwa akaninyamazisha kwa kiganja.

"Ulisema nishuke ku stasyo?"

"Ndiyo mama."

"Nimeshuka ku stasyo."

Basi. Hakuongeza kitu hadi nyumbani. Mama wa mahindi tulimpa nanasi moja. Pesa alikataa, nanasi alilishika.

Kwa miaka nimeisimulia hadithi hii kama ushahidi kwamba hatuhitaji vibao: tazameni, mdomo ulimpata mama yangu usiku, kwa harufu ya samaki. Lakini nikiiandika hivi, kituo kwa kituo, naona kilichompoteza nacho kilikuwa ni mdomo. Wangu ndio ulioanza, wa yule kijana ukamalizia. Mama mkubwa anasoma vizuri, alisomeshwa na masista. Kibao kilichoandikwa "Keshero" kingemfanya akatae kushuka, na namjua, basi zima lingesikia.

Kwa hiyo nabadilisha jibu: wekeni. Ila kwa masharti, na masharti yangu ni mengi kuliko jibu lenyewe. Viandikwe majina tunayopiga kelele, Entrée Président kama Entrée Président, msituletee jina la avenyu ambalo hata mwenye nyumba halijui. Viwekewe taa ndogo za jua, kwa sababu umeme wetu mnaujua, na msafiri wa mchana hapotei. Na kama pesa inatosha kitu kimoja, wekeni taa na kibao kisubiri. Sisemi pia kwamba kibao kingemfikisha Ndosho. Shofere angegeuza tu. Kinachohitajika pale ni shofere aseme kabla ya kuondoka kwamba leo naishia Keshero, atakayepanda apande akijua. Kumekuwa na vipindi moto zenyewe zimekatazwa usiku, na aliyeshushwa nusu ya njia anabaki na miguu yake. Hilo hamkuliuliza, lakini ndilo linalouma. Na chuma, kwetu, huibwa: sitashangaa nikikikuta kibao cha Mutinga kimekuwa mlango wa kibanda cha kuku.

Mama mkubwa alirudi tena mwaka uliofuata, mchana kweupe, simu imejaa chaji. Nilimpa maelekezo marefu, yenye jina la kituo na rangi ya geti. Hakuyasikiliza. Alimwambia konvwayeri, "Unishushe kwa mama wa mahindi," na kijana akamshusha Katindo, kwa mama mwingine kabisa. Nilipomfuata nilimkuta amekaa, anakula.