Re: Kikao Mombasa saa 8 mchana: treni au ndege?

Habari ndugu. Umeuliza kama SGR ya asubuhi itakuwahisha kikao cha saa 8 mchana mjini Mombasa, ukitokea katikati ya Nairobi. Usiitegemee.

Anza na ratiba, nauli baadaye. Treni inayoondoka saa 2 asubuhi ni ile inayosimama vituo vya njiani, Mtito Andei, Voi na kadhalika. Safari ni karibu saa 6, na inakushusha Miritini, si mjini. Bado kuna matatu na foleni ya Changamwe. Ile ya haraka, inayochukua saa 5 hivi njiani, kwa kawaida huondoka alasiri. Kwa hiyo panda ya alasiri siku iliyotangulia, au ndege ya asubuhi. Angani ni kama saa moja tu.

Ukichagua treni, kata tiketi mapema kwa *639#. Namba ya kitambulisho iwe sahihi, maana huangaliwa pamoja na tiketi. Fika Syokimau, kilipo kituo cha SGR cha Nairobi, saa nzima kabla: mizigo hupangwa chini inuswe na mbwa, kisha hupita kwenye mashine. Unaweza kuachwa na treni ukiwa kwenye foleni hiyo.