Tarumbeta moja au mbili?

SWALI: Shikamoo Babu. Katika Hesabu sura ya 10, Musa anaamriwa afue tarumbeta mbili za fedha. Kambi ile ilikuwa kubwa. Watu walijuaje kama wanaitwa mkutanoni au wanaambiwa wang'oe hema?

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Kwanza walihesabu sauti. Zikilia zote mbili, mkutano wote ulikusanyika mlangoni pa hema ya kukutania. Ikilia moja, walikwenda wakuu peke yao. Wengine waliendelea na shughuli zao.

Safari ilikuwa na mlio wake, ule wa kugutusha. Ukipigwa mara ya kwanza, waliondoka waliopiga kambi mashariki: Yuda, Isakari na Zabuloni. Mara ya pili, wa kusini, wakiongozwa na Reubeni. Mstari wa 7 unakataza mlio huo usitumike kuita mkutano, na mimi niliyepuliza tarumbeta kanisani ujanani naona sababu: kelele ya namna moja ingewafanya watu wafungashe mizigo bure! Wapigaji walikuwa makuhani, wana wa Haruni, si yeyote mwenye mapafu.

Usizichanganye na pembe la kondoo dume, hilo ni chombo kingine.

Kazi hii ilidumu hadi siku za Hekalu. Mwaka 1968 mwanaakiolojia Benjamin Mazar, akichimba Yerusalemu, alipata jiwe lililoanguka kutoka juu ya ukuta wa uwanja wa Hekalu, limechorwa maneno ya Kiebrania yanayotaja mahali pa kupigia tarumbeta. Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne ya kwanza, anaeleza kuwa kuhani alisimama juu huko akitangaza kuingia na kutoka kwa Sabato.