Nyumba moja, usiku mmoja: kwa mnaoanza kushuti Dodoma

Wadogo zangu, kila mkinijia swali ni lile lile: ninunue kamera gani? Kabla ya kamera, tafuteni Night of the Living Dead ya George Romero, ya mwaka 1968. Ipo bure mtandaoni, na sababu ya kuwa bure nitaieleza, maana nayo ni funzo.

Ilitengenezwa kwa dola 114,000 hivi, picha nyeusi na nyeupe, nje kidogo ya Pittsburgh, Marekani, na watu waliokuwa wakiishi kwa kushuti matangazo ya biashara. Wafu wanafufuka na kula watu, na watu saba wanajifungia kwenye nyumba ya shamba. Basi. Nyumba yenyewe ilikuwa inangoja kubomolewa, kwa hiyo walipigilia mbao na kuvunja vioo bila kumwogopa mwenye nyumba. Karl Hardman, aliyecheza Cooper, yule baba mwenye hasira, ndiye pia aliyekuwa prodyuza mmojawapo. Skripti haidai hata hoteli. Nyie mnaniletea skripti yenye msafara wa V8 tano, na nauli ya daladala mmekopa.

Damu yao ilikuwa shira ya chokoleti, kwa sababu kwenye nyeusi na nyeupe rangi haijalishi. Sisi kwenye filamu yetu tulitumia juisi ya rozela, kwenye kamera ya rangi. Ikaonekana kama juisi ya rozela.

Lakini bei rahisi peke yake haiwezi kuibeba filamu zaidi ya miaka 50. Mimi naona siri iko hapa: msukule wetu ana mwenyewe. Kuna mtu aliyemchukua, anamlimisha usiku, na ukimpata mtu huyo hadithi imekwisha. Wafu wa Romero (neno zombi halitamkwi hata mara moja) hawana bwana. Runinga inataja mionzi ya chombo kilichotoka sayari ya Zuhura, lakini hakuna anayethibitisha. Ukikosa wa kumlaumu nje, unamgeukia uliye naye ndani. Ndiyo maana sehemu zinazonitisha hadi leo ni Ben, steringi, na mzee Cooper wakigombania kama wakae juu au washuke chini kwenye stoo, huku mlango unatikiswa. Andikeni ugomvi wa namna hiyo. Haulipiwi hata shilingi.

Kama hujaitazama, ruka aya hii. Sisi tumekua tukijua steringi hafi. Ben, anayechezwa na Duane Jones, mtu mweusi, anavuka usiku mzima akiwa hai, kisha asubuhi kikosi cha waokoaji kinamdhania mfu na kumpiga risasi. Filamu ilitoka Oktoba 1968, na Martin Luther King alikuwa ameuawa Aprili mwaka huo huo.

Sasa ule ubure. Kabla ya jina hili iliitwa Night of the Flesh Eaters. Wasambazaji walipolibadilisha, tangazo la hakimiliki likabaki kwenye kile kibao cha jina la zamani cha mwanzo wa filamu, na sheria ya Marekani ya wakati huo ilitaka lionekane kwenye nakala. Ikawa mali ya kila mtu. Kwa hiyo kagueni maandishi ya mwanzo na mwisho kila mnapobadilisha kitu, na kazi muiandikishe COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Kibali cha Bodi ya Filamu mnakijua, sirudii.

Upepo wa hapa utakula sauti yote. Ivisheni maiki manyoya ya kuzuia upepo, au shutini ndani.

Na mwenyekiti wa mtaa apewe taarifa mapema, yeye na majirani. Sisi tulimwambia mwenye nyumba tu. Saa nne usiku kijana wetu mmoja, kapakwa unga usoni na shati limechanika, akaenda dukani kununua maji. Tulisikia filimbi kwanza, kisha mbio. Tulipofika alikuwa amekaa chini katikati ya watu wenye fimbo, akitaja jina lake na la baba yake, tena na tena.