Maswali ya barkodi: achari, halwa na nambari za bei rahisi

Safari hii karibu barua zote zimekuja na dhana moja: kwamba ile mistari myeusi nyuma ya chupa ndiyo hatimiliki ya bidhaa. Yaliyo mazito nitayajibu kwa urefu, mepesi nitayapitia tu.

Natengeneza achari ya embe hapa Maweni, Malindi. Supamaketi imekataa kuipokea mpaka iwe na barkodi. Nikishaipata, kuna mtu ataweza kuniiga tena?

Ataweza, dada yangu, na barkodi yako haitamsumbua hata kidogo. Barkodi ni nambari ya tarakimu 13 iliyochorwa kwa mistari ili mashine ya keshia iisome upesi. Ndani yake hamna bei wala mapishi. Mashine ikishaisoma, kompyuta ya duka inatafuta kwenye orodha yake na kukuta kwamba nambari hiyo ni achari ya fulani, chupa ya gramu 250, bei kadha. Ni kama nambari ya nyumba: inamfikisha mgeni mlangoni, mwizi haimzuii.

Nambari zenyewe hutolewa na GS1 Kenya, tawi la shirika la kimataifa la GS1. Usidhani utanunua mara moja ukamaliza. Ni mfano wa kukodi, ada unailipa kila mwaka. Tena kila ujazo na kila ladha ina nambari yake. Achari ya embe ya gramu 250 na ya gramu 500 ni nambari mbili, na ya ndimu ni ya tatu.

Cha kukulinda ni alama ya biashara, yaani jina la achari yako na nembo yake, vikisajiliwa KIPI, taasisi ya serikali inayosimamia mali ya viwandani. Bidhaa na huduma zimegawanywa katika madaraja 45, na hapa ndipo wengi huteleza. Achari iko daraja la 29, sosi ya ukwaju iko la 30. Mafuta ya nazi ya kupikia ni 29, ila ukiyauza kama ya nywele yanahamia la 3. Ukisajili jina kwenye daraja moja tu, usishangae kulikuta kwenye bidhaa ya mwenzako wa daraja jingine. Ombi likikubaliwa hutangazwa katika jarida la KIPI, na mwenye pingamizi ana siku 60. Asipotokea mtu unapata cheti cha miaka 10, unachoweza kukihuisha kila kinapoisha.

Jina la biashara ulilosajili kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, lisikudanganye. Hilo ni la kukutambulisha wewe mfanyabiashara, chapa halikulindii. Kwa hiyo anza na upekuzi wa jina KIPI, barkodi ifuate, kiwanda cha kuchapa lebo kiwe cha mwisho. Wengi hufanya kinyume, maboksi ya lebo yakishafika ndipo wanaambiwa jina lina mwenyewe Nakuru. Na mapishi usimwambie mtu.

Kijana mmoja anauza barkodi kumi kwenye simu, bei ya mkate. Nichukue?

Usichukue. Kuchora mistari ni kazi ya programu za bure, na tarakimu ya mwisho ya barkodi hupatikana kwa hesabu ya kuzidisha na kujumlisha ambayo mtoto wa darasa la tano anaiweza. Basi nambari ya kuzusha itasomeka vizuri kabisa kwenye mashine. Shida inaanza duka linapoihakiki kwenye kumbukumbu za GS1 na kukuta ni ya kampuni ya Marekani usiyowahi kuisikia, au haimo kabisa. Amazon hufanya uhakiki huo. Duka la mtaani huenda lisikuulize leo, lakini achari yako ikigongana na bidhaa nyingine yenye nambari hiyohiyo, itakayoondolewa rafuni ni yako.

Bidhaa ikiwa na 616 ndiyo imetengenezwa Kenya?

Si lazima. 616 inaonyesha tu kwamba nambari ilitolewa na GS1 Kenya, kama 620 inavyoonyesha Tanzania. Mchele wa Pakistan uliopakiwa Mombasa unaweza kuwa na 616 bila kosa lolote. Ukitaka kujua kama bidhaa imepimwa ubora, tafuta alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya.

Twapika halwa Langoni, Lamu, tangu enzi za babu zetu. Kuna mtu Nairobi auza pakiti zilizoandikwa "Halwa ya Lamu", na barkodi juu. Twaweza kumzuia? Au tuliwahi sisi jina hilo?

Wazee wangu, jina hilo likisimama peke yake ni gumu kwenu na kwake pia. Halwa ni jina la kitu chenyewe, Lamu ni jina la mahali, na sheria ya alama za biashara haipendi mtu mmoja ajifungie maneno ambayo kila mpishi wa kisiwa ana haki ya kuyatumia. Barkodi yake haimwongezei lolote katika hilo.

Zimebaki njia mbili. Ya kwanza, kila nyumba isajili jina lake la pekee pamoja na nembo. Ya pili ndiyo ninayoipenda zaidi: undeni chama, kisha kisajili alama ya pamoja, ambayo sheria ya Kenya inairuhusu. Chama huwasilisha kanuni za nani aitumie na kwa masharti gani, na asiyekuwa mwanachama haiweki kwenye pakiti yake. Najua kuwakalisha wapishi wa halwa wakubaliane samli kiasi gani ni mtihani kuliko fomu zote za KIPI, lakini jaribuni.

Ikiwa halwa ya huyo bwana hata Lamu haijafika, mna hoja nyingine: kumdanganya mnunuzi kuhusu mahali bidhaa ilikotengenezwa ni kosa chini ya sheria ya maelezo ya bidhaa, sura ya 505.

Na msidhani mambo haya ni ya halwa tu. Katikati ya miaka ya 2000 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili huko neno "kikoy" liwe alama yake. Ombi lilipingwa na Wakenya pamoja na watetezi wa biashara ya haki, mwishowe likaachwa. Lingepita, muuza vikoi wa Lamu angepata taabu kulitumia jina hilo kwenye soko la Uingereza.

Mtu amenakili barkodi yangu akaibandika kwenye asali yake, lakini jina ni lake. Nimshtaki kwa kosa gani?

Kwanza liarifu duka na GS1 Kenya, kwa sababu mauzo yake yanaingia kwenye hesabu yako na risiti inataja bidhaa yako. Nambari peke yake si alama ya biashara, kwa hiyo kesi ya kuigwa chapa haitasimama hapo. Angekuwa ameiga na jina au lebo yako iliyosajiliwa, ungekwenda kwa mamlaka ya kupambana na bidhaa bandia, iliyoundwa kwa sheria ya 2008.

Nikiweka msimbo wa QR kwenye lebo, kuna mtu wa kumlipa?

Hakuna. Kampuni ya Denso Wave ya Japani, wakati huo ikiwa kitengo cha kampuni ya Denso, iliutoa mwaka 1994 na ikaamua kutoidai hataza yake, yaani haki ya mvumbuzi, ingawa maneno "QR Code" ni alama yake iliyosajiliwa. Mistari ya kawaida nayo ni huru zamani. Woodland na Silver, Wamarekani walioibuni, walipata hataza yao Marekani mwaka 1952, na muda wake ulikwisha kabla ya bidhaa ya kwanza kupita kwenye mashine ya supamaketi huko Ohio, Juni 1974. Bidhaa yenyewe ilikuwa pakiti ya chingamu.

Lebo yangu ni nyekundu na nyeupe. Naweza kuifanya mistari iwe myekundu?

Usifanye. Mashine nyingi humulika mwanga mwekundu, na chini ya mwanga huo mistari myekundu haionekani tofauti na karatasi nyeupe. Weka nyeusi juu ya nyeupe, acha nafasi tupu kushoto na kulia kwa mistari, na umpelekee keshia lebo moja aijaribu kabla hujachapisha zilizobaki.