Zabibu zazama, keki yabonyea

SWALI: Nikioka keki ya matunda nikifuata kitabu cha mapishi, zabibu kavu huzama chini na katikati hubonyea. Nakosea wapi?

JIBU: Tuanze na zabibu. Ukishaziloweka, zichuje na uzikaushe kwa kitambaa mpaka zisilowanishe vidole. Zikiwa na maji huteleza ndani ya rojo. Kuzipaka unga, ushauri unaopendwa sana, husaidia kidogo tu. Kinachozishikilia hasa ni uzito wa rojo. Kwa siagi gramu 225, sukari 225 na mayai 4, tia unga gramu 275. Ukiinua mwiko, rojo lidondoke bonge zima, lisitiririke.

Kubonyea aghalabu husababishwa na bekingi poda kuzidi (kijiko 1 cha chai kinatosha) au mlango wa oveni kufunguliwa katikati ya keki ikingali mbichi. Kwa bati la sentimita 20, oka kwa nyuzi 150 muda wa saa 2 hivi, na usichungulie kabla ya saa moja na nusu. Chomeka kijiti, kikitoka na rojo, ongeza dakika 15. Juu ikiwahi kuiva, funika kwa foili.