Maswali ya Wasomaji: Programu Haijui Idi ni Lini

Safu hii mwezi huu inajibu barua nne kutoka kwa wasomaji wanaotumia programu za kompyuta kupanga na kuchambua biashara zao. Ya kwanza tumeipa nafasi kubwa kuliko nyingine, kwa sababu hasara iliyoelezwa humo inaweza kumpata mfanyabiashara yeyote wa pwani aliye makini na mwenye kumbukumbu nzuri.

SWALI: Ndugu mshauri, nina duka la nguo za watoto Kariakoo. Tangu Januari 2022 nimekuwa nikiandika jumla ya mauzo ya kila mwezi kwenye Excel. Mwishoni mwa mwaka 2024 kijana wangu alinionyesha namna ya kuiagiza programu ikadirie mauzo ya mwaka unaofuata, na chati ikaonyesha kilele mwezi Aprili. Niliagiza mzigo Guangzhou kwa hesabu hiyo, ukatoka bandarini siku chache kabla ya Idi, na nguo nyingi zimebaki stoo. Je, programu ilikosea au nilikosea mimi?

JIBU: Pole sana, dada yangu. Programu haikukosea kukokotoa, na wewe hukukosea kuandika. Kilichokosekana ni habari moja ambayo wewe unaijua tangu utotoni na ambayo hakuna aliyeiandika kwenye jedwali.

Makadirio ya Excel hutafuta mdundo unaojirudia, na ukiipa takwimu za kila mwezi itauona mwaka kuwa ni miezi 12 ya kalenda ya kawaida. Sasa tazama miaka yako mitatu. Idi el-Fitri ya mwaka 2022 ilikuwa mwanzoni mwa Mei, kwa hiyo wazazi walinunua nguo siku za mwisho za Aprili. Ya mwaka 2023 ilikuwa karibu na Aprili 22, na ununuzi ukawa Aprili tena. Ya mwaka 2024 ilikuwa Aprili 10, na kumi la mwisho la Ramadhani likaangukia karibu lote ndani ya Aprili. Kwa programu, hiyo ni miaka mitatu mfululizo yenye kilele mwezi uleule, na isingeweza kuhitimisha vingine. Lakini mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, hivyo Idi huwahi kwa takriban siku 11 kila mwaka, na mwaka 2025 tuliisherehekea Machi 31. Kumi la mwisho lote likawa ndani ya Machi, na Aprili yako ikabaki mwezi wa kawaida.

Dawa yake ni kuacha kuandika kwa mwezi na kuanza kuandika kwa siku. Kila siku iwe na mstari wake: tarehe, aina ya bidhaa, idadi, na kiasi cha fedha. Kisha ongeza safu moja uiite Siku kabla ya Idi, ambayo hupatikana kwa kutoa tarehe ya mauzo kutoka kwenye tarehe ya Idi ya mwaka huo. Excel huhifadhi tarehe kama namba, kwa hiyo kutoa huko hukupa idadi ya siku bila usumbufu wowote. Ukitengeneza jedwali pivoti, yaani jedwali la Excel linalojumlisha takwimu kwa makundi, lenye safu hiyo upande wa kushoto na miaka upande wa juu, utaona mauzo ya miaka tofauti yakikaribiana siku kwa siku, ingawa kwenye kalenda ya kawaida yalikuwa yamepishana. Hapo ndipo unapoweza kusema kwa uhakika kwamba wateja wako huanza kumiminika siku 12 kabla ya Idi, au 9, au 15, kadiri duka lako lilivyo.

Huenda ukaniuliza utazipata wapi siku za nyuma ikiwa uliandika jumla ya mwezi peke yake. Ikiwa una mashine ya EFD, yaani ya kutolea risiti za kodi, ripoti ya Z inayochapishwa siku ikifungwa inazo jumla hizo. Nakuomba uzinakili mapema, kwa sababu karatasi ya mashine hizo hufifia, na nimewahi kuona boksi zima la ripoti ambalo halikuwa limebaki na namba inayosomeka.

Baada ya hapo panga kwa kurudi nyuma. Kwa hesabu za kalenda, Idi el-Fitri ya mwaka 2027 inatarajiwa karibu na Machi 10, ikiweza kupishana kwa siku moja kulingana na mwandamo wa mwezi. Toa siku ambazo wateja wako hununua, toa siku za kutoa mzigo bandarini, toa siku za meli kuwa baharini, toa siku za kiwandani, na tarehe itakayobaki ndiyo tarehe yako ya mwisho ya kuagiza. Kila kimoja kati ya vipindi hivyo kiwe kwenye seli yake, ili meli ikichelewa ubadilishe namba moja na tarehe zote zijisogeze zenyewe.

Kuna safu nyingine ambayo wafanyabiashara wengi hawaiweki, nami naiona ya lazima: safu ya kuonyesha siku ambazo bidhaa iliisha. Sketi za namba sita zikiisha Jumanne na mzigo ukaja Jumamosi, jedwali litaonyesha sifuri kwa siku tatu kamili. Programu itasoma sifuri hizo kuwa hakuna aliyezitaka sketi, kumbe walikuja wateja wakaondoka mikono mitupu, na mwaka unaofuata itakushauri uagize chache zaidi. Andika neno «iliisha» kwenye safu hiyo, na unapokokotoa wastani uziondoe siku hizo. Vivyo hivyo kwa siku ambazo duka lilifungwa kwa msiba au umeme ulikatika mchana kutwa. Mambo hayo yote unayakumbuka leo, lakini baada ya miaka miwili yatakuwa yamefutika.

SWALI: Mimi ni mtumishi wa SACCOS mkoani Dodoma. Tulipokea orodha ya wanachama kama faili la CSV, yaani maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa alama ya mkato, na tulipolifungua kwa Excel tukakuta namba zote za NIDA (za kitambulisho cha taifa) zinaishia na sifuri tano, na namba za simu zimepoteza sifuri ya mwanzo. Tumeshahifadhi faili hilo juu ya lile la awali. Tunaweza kuzirudisha?

JIBU: Namba za simu zinarudi, za NIDA hazirudi. Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba yoyote, na zinazozidi huzigeuza sifuri. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, kwa hiyo tano za mwisho zimefutwa kabisa, na kwa kuwa mmehifadhi juu ya faili la awali hakuna fomula ya kuzifufua. Mwombeni aliyewatumia orodha aitume upya, na akishindwa rudini kwenye fomu za karatasi za wanachama. Msithubutu kukisia.

Simu ni nyepesi, kwa sababu kilichopotea kinajulikana. Ikiwa namba iko kwenye seli A2, andika ="0"&A2 kwenye seli ya pembeni, ishushe hadi mwisho wa orodha, kisha nakili matokeo na uyabandike kama thamani.

Siku nyingine msilifungue faili la CSV kwa kulibofya mara mbili. Fungueni Excel kwanza, mwende kwenye menyu ya Data, mchague kuleta data kutoka faili la CSV, na kabla ya kupakia mziweke safu za NIDA na simu katika muundo wa maandishi, yaani Text. Kanuni ninayowafundisha wanagenzi ni kwamba namba ambayo hutaijumlisha wala kuizidisha hata siku moja inastahili kutunzwa kama maandishi.

Niongeze jambo ambalo hukuliuliza, kwa kuwa linanitia wasiwasi. Orodha hiyo ni taarifa binafsi za watu, zinazolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mkianza kutengeneza dashibodi kwa Power BI, programu ya Microsoft ya ripoti na chati, ondoeni kwanza majina, simu na namba za NIDA, mbakize takwimu za mikopo na marejesho peke yake. Tena msitumie kabisa njia inayoitwa Publish to web kwa taarifa za ndani, kwa sababu yeyote atakayepata kiungo hicho ataziona bila kuulizwa nenosiri.

SWALI: Nina duka la vifaa vya umeme Mombasa. Ili kupata bei bila VAT, huwa naondoa asilimia 16 kwenye jumla ya mauzo, lakini hesabu yangu haiafikiani na ya mhasibu. Nani yuko sahihi?

JIBU: Mhasibu wako. Kodi ilikokotolewa juu ya bei ya kabla, wewe unaikokotoa juu ya bei ya baada. Shilingi 116,000 zenye VAT ugawanye kwa 1.16 upate 100,000. Ukiondoa asilimia 16 unapata 97,440, na kila ripoti ya faida inayojengwa juu ya namba hiyo itakuwa pungufu. Walio Tanzania Bara, kwa mauzo yanayotozwa asilimia 18, wagawanye kwa 1.18. Kiweke kiwango hicho kwenye seli moja na fomula zote zikirejelee, badala ya kukiandika ndani ya kila fomula, ili kikibadilika usilazimike kukitafuta kwenye kurasa 30.

SWALI: Kampuni yetu huuza pembejeo za kilimo, makao makuu yakiwa Mwanza, na tuna matawi sita. Wakati wa bajeti kila tawi hutuma faili lake la Excel, nasi tunanakili na kubandika kwa wiki mbili. Mkurugenzi amependekeza tununue programu kubwa ya mipango kama IBM Planning Analytics. Je, ni wakati wake?

JIBU: Inawezekana wakati ukafika, lakini kwa maelezo yako bado. Programu uliyoitaja inaendeshwa na mtambo uitwao TM1, ambao ulianza miaka ya 1980, na nguvu yake iko katika kuziweka takwimu kama mchemraba: upande mmoja matawi, mwingine miezi, mwingine akaunti, mwingine matoleo ya bajeti. Watu wengi huandika humo kwa wakati mmoja, na tawi likibadilisha namba yake jumla ya kampuni hubadilika papo hapo. Ni chombo kizuri sana kwa kampuni ambayo wahusika wake wameshakubaliana akaunti zinaitwaje. Yenu, nadhani, bado haijafika hapo, kwa sababu mngekuwa mmekubaliana kazi hiyo isingechukua wiki mbili.

Jaribuni hivi kwanza. Kila tawi lipewe faili lenye umbo moja lisilobadilishwa, lenye safu tano: tawi, mwezi, akaunti, toleo, na kiasi. Miezi isitandazwe kuelekea kulia kama mlivyozoea kwenye bajeti za kuchapishwa. Kila mwezi uwe na mstari wake. Najua inaonekana kama kurefusha orodha bila sababu, lakini ni umbo hilo tu ambalo jedwali pivoti na Power BI hulisoma bila kulalamika. Kwenye safu ya toleo liandikwe neno moja kati ya matatu, «bajeti», «makisio» au «halisi», na majina ya akaunti yachaguliwe kutoka orodha iliyofungwa, ili «Usafiri», «usafirishaji» na «Nauli» zisije zikahesabiwa kama gharama tatu tofauti. Kisha wekeni mafaili yote sita kwenye folda moja, na kupitia menyu ya Data muiagize Excel iisome folda nzima. Chombo kinachofanya kazi hiyo kinaitwa Power Query, kimo ndani ya Excel tangu toleo la 2016, na tawi likituma marekebisho mtabonyeza Refresh tu.

Bei ya dola, bei ya mafuta na bei ya mfuko wa mbolea ziwe kwenye ukurasa wao wa peke yake. Kwa biashara ya pembejeo zinazotoka nje, mjadala wa kweli wa bajeti ni kuhusu namba hizo, na mkurugenzi anapaswa kuweza kuzibadilisha mwenyewe na kuona faida inakwenda wapi.

Lililobaki ni ukaguzi, na hapa naomba mnisikilize kwa makini. Mwaka 2020 taasisi ya afya ya umma ya Uingereza ilikusanya matokeo ya vipimo vya korona kwa mafaili ya muundo wa zamani wa Excel, ambao ukurasa wake haupokei zaidi ya mistari 65,536. Mistari iliyozidi iliachwa nje bila mtu kushtuka, na wagonjwa 15,841 waliothibitishwa kati ya Septemba 25 na Oktoba 2 hawakuingizwa kwenye takwimu za kila siku kwa wakati, wala watu waliokuwa karibu nao hawakutafutwa mapema. Ukurasa wa Excel ya leo hupokea mistari 1,048,576, kwa hiyo ninyi hamtafikia ukomo huo, lakini faili la tawi moja likiachwa nje ya folda matokeo yatafanana na hayo: jumla itaonekana safi, na hakuna rangi nyekundu itakayowaka.

Kwa hiyo kila meneja wa tawi, pamoja na faili lake, atume kwa ujumbe wa simu namba mbili: idadi ya mistari na jumla ya kiasi. Mtu mwingine, asiyekuwa yule aliyeunganisha mafaili, aziandike namba hizo sita kwa sita kwenye ukurasa wa ukaguzi na azilinganishe na zilizotoka kwenye Power Query. Zikitofautiana hata kwa mstari mmoja, kikao cha bajeti kisianze hadi tawi husika lijulikane.