Wacha kukariri jedwali la elementi, nunua mabuyu

Juzi binti mmoja wa kidato cha pili kaniandikia, "Kaka, nataka udaktari lakini hili jedwali la elementi lanimaliza, nikariri vipi?" Nikacheka, kisha nikanyamaza. Manake mimi nilizikariri zote 20 za mwanzo kwa wimbo, niko kwenye feri ya Likoni naimba peke yangu watu wanitazama, na mtihani ulipokuja nikapata D. Mwalimu akaisoma mbele ya darasa zima, akasema kichwa changu ni cha kuuzia mitumba. Hilo sijalisahau.

Aliyeniokoa ni binamu yangu, jioni moja barazani kwetu Majengo. Akamwaga mabuyu kwenye sinia, akaweka ndimu katikati ndio kiini cha atomu, kila buyu ni elektroni moja, akaniambia haya panga sodiamu, elektroni 11. Mawili karibu na ndimu, manane yazunguke, moja likabaki ukingoni peke yake. Mizunguko mingapi? Mitatu, basi iko mstari wa tatu wa jedwali. Ya nje mangapi? Moja, basi iko kundi la kwanza, yaani safu ya kwanza ya kushoto. Potasiamu nayo 2, 8, 8, 1, tena moja ukingoni, ndo mana yakaa chini ya sodiamu na zote mbili haziivani na maji, potasiamu ndo kali zaidi kwa vile lile la nje liko mbali na ndimu, kulipokonya ni rahisi. Klorini ina saba nje, yatafuta moja tu itimize nane, ikilipata kwa sodiamu ndo chumvi hiyo ya kwenye wali.

Wengi mwapotelea pale katikati ya jedwali. Baada ya kalsiamu, elektroni zarudi nyuma kujaza mzunguko wa tatu, nafasi zilizobaki ni 10, hesabu mwenyewe toka skandiamu hadi zinki.

Na Mendeleev, yule mwanakemia Mrusi, alilipanga jedwali 1869 kwa uzito na tabia tu, elektroni yenyewe ikaja kugunduliwa 1897! Sasa wewe umeletewa sababu mkononi wataka wimbo? Nyinyi mwapenda udaktari lakini kukaa chini hamtaki. Panga mabuyu. Kesho panga tena, usiyale kwanza.

Mwisho nilipata B+. Nikampelekea yule mwalimu matokeo, akayatazama weee, akasema, "Kumbe mwaka huu mtihani ulikuwa rahisi."